Jeni Zisizo Zetu: Vijidudu vya Mwilini na Safari ya Saratani

Mwaka 2020 watafiti wa Taasisi ya Hubrecht, mjini Utrecht, Uholanzi, walitangaza matokeo ya jaribio lililowachukua miezi mitano. Maabara walikuwa wamekuza vijifuko vidogo mno vya seli za utumbo wa binadamu, kila kimoja kikiwa mviringo na uwazi katikati. Kwa sindano nyembamba, jicho likiwa kwenye hadubini, waliingiza katika uwazi huo bakteria wa aina ya Escherichia coli waliotolewa kwa mgonjwa wa saratani ya utumbo mpana. Baada ya muda wakarudia, na wakarudia tena. Pembeni waliweka vijifuko vingine, navyo vikapewa bakteria wale wale, ila hawa wa pili walikuwa wameondolewa jeni moja tu.

Muda ulipotimia walisoma DNA ya seli za pande zote mbili, herufi kwa herufi. Seli zilizokaa na bakteria kamili zilikuwa na mabadiliko mengi, tena yenye mpangilio: yaliangukia sehemu za aina moja na kurudia sura ileile. Seli zilizokaa na bakteria walioondolewa jeni hazikuwa na mpangilio huo. Kisha watafiti wakautafuta katika DNA ya saratani 5,876 za wagonjwa, ambazo zilikuwa zimekwisha kusomwa. Waliukuta, na waliukuta zaidi katika saratani za utumbo mpana kuliko kwingineko.

Tumezoea kuuliza maswali mawili mtu anapopatwa na saratani. Je, ipo katika ukoo? Na je, aliishi vipi, alivuta sigara, alikunywa pombe, alikula nini? Sayansi ya miaka hii imeleta swali la tatu: vijidudu anavyoishi navyo vimebeba jeni gani? Nalishikilia swali hili kwa sababu moja kubwa. Jeni tulizorithi kwa baba na mama hatuna namna ya kuzibadilisha, lakini jeni za vijidudu huingia mwilini, huongezeka, hupungua na hata huondoka, kufuatana na tunavyokula, tunavyotibiwa na tunavyoishi. Kwa hiyo kuna sehemu ya saratani inayozuilika ambayo bado hatujaipa uzito wake.

Wingi usioonekana

Mwaka 2016 wanasayansi wa Taasisi ya Weizmann ya Israeli walifanya hesabu upya na kukadiria kwamba mwili wa mtu mzima una bakteria wapatao trilioni 38, karibu sawa na idadi ya seli zake mwenyewe, ambazo ni kama trilioni 30. Wote pamoja hawazidi gramu mia mbili hivi. Wengi mno wanakaa katika utumbo mpana. Wengine wako mdomoni, kwenye ngozi, ukeni na puani. Ukijumlisha na virusi na fangasi, jamii hiyo nzima pamoja na jeni zake ndiyo wanasayansi wanaiita maikrobiomu.

Kwa idadi ya seli tunalingana nao. Kwa idadi ya jeni hatuwafikii hata kidogo. Binadamu ana jeni zipatazo 20,000 zinazotengeneza protini. Mwaka 2010 mradi mmoja wa Ulaya ulipochunguza choo cha watu 124, uliorodhesha jeni za bakteria milioni 3.3 zilizo tofauti. Kila jeni ni maelekezo ya kutengeneza kitu: kimeng'enya cha kuvunja chakula, kinga dhidi ya dawa, sumu, au protini ya kujishikiza ukutani. Kuna bakteria mmoja wa tumboni, Bacteroides thetaiotaomicron, ambaye peke yake ana zaidi ya jeni 260 za kuvunja sukari changamano za mimea. Sisi, kwa kazi hiyo ya kumeng'enya chakula, tuna jeni 17 hivi.

Sehemu kubwa ya jeni hizo hutufaa au hazitudhuru. Chache ni hatari, nazo zinaweza kubebwa na bakteria mmoja huku ndugu yake wa jina lilelile akiwa hana. Ndiyo maana majibu ya maabara yakisema tu kwamba mtu ana E. coli, hayajasema lolote kuhusu saratani. Karibu kila mmoja wetu anaye.

Jeni 19 zinazokata DNA

Bakteria wa Utrecht walikuwa na kundi la jeni 19 zilizopangana pamoja kwenye DNA yao. Kundi hilo liligunduliwa na watafiti wa Toulouse, Ufaransa, mwaka 2006. Jeni hizo hushirikiana kutengeneza sumu inayoitwa kolibaktini. Sumu hiyo hushika herufi A katika nyuzi zote mbili za DNA na kuzifunga pamoja. Seli inapojaribu kujirekebisha, DNA hukatika, na wakati mwingine huungwa vibaya. Bakteria mwenyewe hadhuriki, kwa kuwa mojawapo ya jeni hizo 19 hutengeneza protini inayoiharibu sumu kabla haijagusa DNA yake.

Kolibaktini haidumu. Huharibika haraka, hivyo bakteria lazima awe karibu sana na ukuta wa utumbo ili aidhuru seli. Utumbo wenye afya umefunikwa ute mzito unaowaweka bakteria mbali. Ute ukipungua, au utumbo ukiwa na uvimbe wa muda mrefu, umbali huo hupungua.

Mwaka 2025 timu iliyoongozwa kutoka Chuo Kikuu cha California, San Diego, ilichapisha uchambuzi wa saratani 981 za utumbo mpana kutoka nchi 11. Alama za kolibaktini zilikuwa nyingi mara 3.3 zaidi kwa waliougua kabla ya miaka 40 kuliko kwa waliougua baada ya miaka 70. Watafiti walipokadiria umri ambao alama hizo ziliingia, waliona kwamba nyingi ziliandikwa kabla mtu hajatimiza miaka 10. Mtoto anaweza kupata jeraha la DNA asilolijua, akakua, akasoma, akaoa, na ugonjwa ukaja kujitokeza akiwa na miaka 35. Katika nchi nyingi saratani ya utumbo mpana inaongezeka kwa vijana, na huu ni mmoja wa ushahidi wenye nguvu zaidi kuhusu sababu inayowezekana.

Lakini mambo si mepesi kiasi cha kusema tuwaangamize wote wenye jeni hizo. Mwaka 1917, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, daktari Mjerumani Alfred Nissle alimtoa bakteria wa E. coli kwa askari ambaye hakupata kuhara wenzake walipougua. Bakteria huyo ametumika kama tiba ya matumbo kwa miongo mingi, na baadaye ikagundulika kwamba naye anazo jeni za kolibaktini. Watu wengi wenye afya pia wanabeba bakteria wa namna hii na hawapati saratani. Jeni ya hatari inahitaji mazingira: ukaribu na seli, muda mrefu, na mwili usioweza kurekebisha kila jeraha.

Mkaaji wa kale wa tumbo

Mfano uliothibitishwa kuliko yote uko juu zaidi, ndani ya mfuko wa tumbo. Mwaka 1982, mjini Perth, Australia, Barry Marshall na Robin Warren walifaulu kuotesha maabara bakteria aliyejipinda, baada ya vyombo vyao kuachwa muda mrefu kuliko kawaida wakati wa sikukuu ya Pasaka. Madaktari wengi waliamini kwamba hakuna kiumbe kinachoweza kuishi katika asidi ya tumbo na kwamba vidonda vya tumbo vinatokana na mawazo. Mwaka 1984 Marshall alikunywa bakteria hao mwenyewe na tumbo lake likavimba kwa ndani. Bakteria huyo ni Helicobacter pylori. Mwaka 1994 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lenye makao yake Lyon, lilimweka katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, na mwaka 2005 wawili hao wakapewa Tuzo ya Nobel.

Hapa pia siri iko kwenye jeni. Baadhi ya H. pylori wana jeni iitwayo cagA, pamoja na jeni nyingine zinazotengeneza kifaa kinachofanya kazi kama bomba la sindano. Bakteria hujibandika kwenye seli ya tumbo, huitoboa, na kuingiza protini ya CagA ndani yake. Protini hiyo hushika mitambo ya seli inayoamua lini igawanyike na ikae wapi. Seli huanza kuachana na jirani zake na kugawanyika bila mpango. Wabebaji wa bakteria wenye cagA wako hatarini zaidi kuliko wabebaji wa bakteria wasio nayo.

Historia ya bakteria huyu inapita kwetu. Mwaka 2007 watafiti waliolinganisha jeni za H. pylori kutoka pande zote za dunia walionyesha kwamba alitoka Afrika Mashariki pamoja na binadamu, miaka ipatayo 58,000 iliyopita, na tangu hapo kila watu wamekuwa wakisafiri na bakteria wao. Mtu na bakteria wamezoeana kwa vizazi.

Nini hutokea mazoea hayo yakivunjika? Nchini Colombia kuna mji wa pwani, Tumaco, wenye wakazi wengi wa asili ya Kiafrika, na mji wa milimani, Túquerres, wenye wakazi wengi wa asili ya wenyeji wa Amerika. Katika miji yote miwili karibu watu 9 kati ya 10 wana H. pylori. Hata hivyo saratani ya tumbo ni nyingi karibu mara 25 zaidi milimani. Mwaka 2014 utafiti ulionyesha sehemu ya sababu: mtu mwenye asili ya wenyeji wa Amerika aliyebeba bakteria wenye jeni za asili ya Kiafrika alikuwa na majeraha mabaya zaidi ya tumbo, huku wenye asili ya Kiafrika waliobeba bakteria wa asili hiyohiyo wakiwa na majeraha madogo. Jeni za mtu na jeni za bakteria zilihitaji kusomwa pamoja ndipo picha ikaeleweka.

Barani Afrika maambukizi ya H. pylori ni mengi, na bado kwa miaka mingi takwimu zimeonyesha saratani ya tumbo ni chache kuliko ilivyotarajiwa. Huenda mazoea hayo ya kale yana mchango. Lakini tusijipongeze mapema: palipo na mashine chache za kupimia tumbo kwa kamera, saratani nyingi hufa na wenye nazo bila kuandikwa popote.

Kutoka mdomoni hadi utumbo mpana

Mwaka 2012 timu mbili, moja ya Boston na nyingine ya Vancouver, zilichapisha kwa wakati mmoja jambo ambalo hawakulitegemea. Walisoma jeni zote zilizomo katika saratani za utumbo mpana na kukuta DNA ya Fusobacterium nucleatum, bakteria ambaye makao yake ni mdomoni, kwenye utando wa meno na fizi.

Kazi iliyofuata imeeleza anavyofanya. Ana protini iitwayo Fap2 inayoshika sukari fulani iliyojaa juu ya seli za saratani, na hapo ndipo anapotia nanga. Protini hiyohiyo hushika kitufe cha kuzimia kwenye seli za kinga, zikashindwa kushambulia. Mwaka 2017 ilionekana kwamba saratani ya utumbo mpana inaposambaa kwenda kwenye ini, bakteria huyu husafiri nayo. Na mwaka 2024 watafiti wa Kituo cha Saratani cha Fred Hutchinson, Seattle, walionyesha kwamba si kila Fusobacterium anaweza safari ya kutoka mdomoni hadi utumbo mpana. Kuna tawi moja tu, walilolipa jina Fna C2, lililokutwa katika takriban nusu ya saratani walizopima. Walipolilinganisha na tawi lililo karibu nalo kabisa walihesabu tofauti 195 za kijeni, zikiwamo jeni zinazomwezesha bakteria kuvumilia asidi ya tumbo na kula vyakula vinavyopatikana utumboni.

Katika jaribio la mwaka 2017, panya waliopandikizwa saratani yenye Fusobacterium walipewa metronidazole, na saratani ikakua polepole. Dawa hiyo wengi wetu tunaijua kwa jina la Flagyl. Naliandika hili kwa tahadhari: hilo lilikuwa jaribio la panya, na hakuna daktari anayekinga saratani kwa Flagyl. Kunywa Flagyl kila tumbo likiuma huua bakteria wengi wenye faida na kuzalisha walio sugu.

Mulago na nyuzinyuzi

Katika historia ya sayansi hii Afrika Mashariki ina nafasi ya heshima. Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliitwa kumwona mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Baada ya hapo akawaona wengine, akaanza kuandika, na mwaka 1958 akachapisha maelezo ya ugonjwa ambao leo unabeba jina lake. Sampuli za uvimbe zilisafirishwa kwa ndege kwenda London, na mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kuona ndani yake kirusi kipya. Kilikuwa kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Zaidi ya watu wazima 9 kati ya 10 duniani wanabeba kirusi hicho cha Epstein-Barr na hawaugui saratani. Kwa watoto wa maeneo yenye malaria nyingi hali hubadilika: malaria ya mara kwa mara huchosha kinga na kuzichochea seli za kinga ziitwazo seli B, seli hizo zilizobeba kirusi hugawanyika kwa wingi, na katika kugawanyika huko kipande cha DNA chenye jeni iitwayo MYC huhamia mahali kisipopaswa kuwa. Athari za kirusi, za vimelea vya malaria na za jeni ya mtoto mwenyewe hukutana ndani ya seli moja.

Burkitt alibeba jambo la pili kutoka Uganda. Kama mwenzake wa Mulago, Hugh Trowell, aliona kwamba saratani ya utumbo mpana, iliyokuwa ya kawaida Uingereza, ilikuwa adimu kwa wanakijiji aliowatibu. Katika miaka ya 1970 yeye na wenzake walipima hata uzito wa choo na muda ambao chakula hutumia kupita tumboni. Choo cha wanakijiji wa Uganda kilikuwa kingi zaidi na kilipita upesi zaidi kuliko cha Waingereza. Alihitimisha kwamba tofauti iko katika nyuzinyuzi, ile sehemu ya mimea ambayo sisi hatuwezi kuimeng'enya.

Kilichokuwa hakijaeleweka wakati wake ni kazi ya bakteria. Nyuzinyuzi zikifika utumbo mpana, bakteria wenye jeni za kuzivunja huzichachusha na kutoa, pamoja na vitu vingine, butireti. Butireti ndiyo chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo mpana. Huzilisha seli zenye afya, hutuliza kinga isiwake bila sababu, na ikiingia katika seli ya saratani hubadilisha jeni zipi ziwashwe na zipi zizimwe, seli ikapunguza kugawanyika. Nyuzinyuzi zikikosekana, baadhi ya bakteria hugeukia ute unaofunika utumbo na kuula, na ule umbali unaotulinda ukapungua.

Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti ulioligusa jambo hili moja kwa moja. Wamarekani weusi 20 wa Pittsburgh na wanakijiji 20 wa Afrika Kusini walibadilishana vyakula kwa wiki mbili. Wamarekani walikula zaidi ya gramu 50 za nyuzinyuzi kwa siku na mafuta kidogo. Waafrika Kusini walikula nyama na mafuta mengi huku nyuzinyuzi zao zikishuka kutoka gramu 66 hadi 12. Katika wiki mbili tu butireti ya Wamarekani ilipanda mara mbili na nusu, ya Waafrika Kusini ikashuka kwa nusu, na vipimo vya uvimbe na vya kasi ya seli kugawanyika utumboni navyo vikabadilishana.

Na mwaka 2025 majibu yalitoka Moshi. Watafiti wa hospitali ya KCMC wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, waliwachukua wanaume 77 wenye afya wa Kilimanjaro. Wa vijijini waliozoea vyakula vya asili walipewa vyakula vya kisasa vya viwandani na vya kukaanga kwa wiki mbili. Wa mjini walirudishwa kwenye mboga za majani, maharage, nafaka zisizokobolewa na vyakula vilivyochachushwa. Kundi la tatu lilikunywa mbege, pombe ya ndizi, kwa wiki moja. Waliohamia vyakula vya kisasa waliongezeka dalili za uvimbe katika damu, waliorudi kwenye vyakula vya asili zikapungua, na kwa wanywaji wa mbege kadhalika. Sehemu ya mabadiliko hayo ilikuwa bado ipo wiki nne baadaye. Utafiti huo haukupima saratani, na hakuna anayesema pombe ni dawa yake. Pombe yenyewe inasababisha saratani. Lakini uvimbe wa muda mrefu ni mazingira ambamo saratani hustawi, na hapo wiki mbili za sahani tofauti zilitosha kuubadilisha.

Hili ndilo linaloniuma. Tunaacha vyakula hivi kwa haraka, na mara nyingi kwa kuona aibu: dona inaitwa chakula cha shule ya bweni, mboga za majani zinaitwa chakula cha wasio na uwezo, na mgeni akija anakaribishwa kwa chipsi na soda. Tunatupa ngao ambayo wenzetu wanatafuta namna ya kuirudisha.

Jeni zinazoamua dawa ifanye kazi

Mgonjwa akishaanza matibabu, vijidudu havikai pembeni. Mwaka 2017 watafiti wa Taasisi ya Weizmann walionyesha kwamba bakteria wanaoishi ndani ya uvimbe wa saratani ya kongosho wanaweza kuwa na jeni ya kimeng'enya kinachobadilisha jemsitabini, dawa inayotumika sana kwa saratani hiyo, kuwa kitu kisicho na nguvu. Walipopima wagonjwa 113, asilimia 76 walikutwa na bakteria ndani ya uvimbe.

Dawa nyingine, irinotekani, inatumika kwa saratani ya utumbo mpana. Baada ya kazi yake ini huifunga kwa sukari ili itoke salama. Kuna bakteria wa utumboni wenye jeni ya kuikata sukari hiyo, dawa ikawa kali tena ndani ya utumbo, na mgonjwa akaharisha vibaya hadi matibabu yakasimamishwa. Tangu mwaka 2010 kuna kemikali zilizoonyesha, kwa panya, kwamba kimeng'enya hicho kinaweza kuzuiwa bila kumuua bakteria.

Kisha kuna tiba ya kinga, ile iliyowapa James Allison na Tasuku Honjo Tuzo ya Nobel mwaka 2018. Hufungua breki za seli za kinga ili ziishambulie saratani. Kwa wengine huleta nafuu kubwa, kwa wengine haileti kitu. Mwaka 2018 watafiti wa Paris walionyesha kwamba wagonjwa waliotumia antibiotiki karibu na wakati wa tiba walifanya vibaya zaidi, na kwamba bakteria aitwaye Akkermansia muciniphila alionekana zaidi kwa waliopata nafuu. Mwaka 2021 timu za Pittsburgh na Israeli ziliwapandikizia wagonjwa wa melanoma, saratani ya ngozi, choo kilichosafishwa cha watu ambao tiba iliwafaa. Wote walikuwa wameshindwa na tiba hiyo kabla. Sita kati ya 15 wa Pittsburgh, na watatu kati ya 10 wa Israeli, walipopewa tiba hiyo tena walinufaika. Idadi ni ndogo, lakini saratani iliyokuwa imegoma ililegea kwa kubadilisha vijidudu.

Tahadhari ya wanasayansi kwa wanasayansi

Fani changa hujaa pupa. Mwaka 2020 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliodai kwamba kila aina ya saratani ina mchanganyiko wake wa DNA ya vijidudu, na kwamba kipimo cha damu kingeweza kuutambua. Wataalamu wengine wakarudia hesabu. Mwaka 2023 walionyesha kwamba sehemu kubwa ya DNA iliyoitwa ya bakteria ilikuwa DNA ya binadamu iliyoandikwa jina lisilo lake, na kwamba namna ya kuchakata takwimu ilitengeneza tofauti zisizokuwapo. Mwaka 2024 makala hiyo iliondolewa. Naliona tukio hilo kuwa afya ya sayansi, na pia onyo kwetu sote. Anayekuuzia leo kopo la unga wa kusafisha utumbo na kuondoa sumu za saratani hana ushahidi nyuma yake.

Yaliyo mikononi mwetu

Kwa makadirio ya IARC, mwaka 2018 saratani mpya milioni 2.2 duniani, yaani asilimia 13 ya zote, zilitokana na maambukizi. H. pylori peke yake alihusika na 810,000, na virusi vya HPV na 690,000. Afrika kusini mwa Sahara, sehemu ya saratani zinazotokana na maambukizi ni kubwa kuliko wastani huo. Kwa hiyo hatuna haja ya kusubiri ugunduzi mpya ili kuanza kuokoa maisha.

HPV hufanya kazi kwa jeni mbili, E6 na E7, zinazozima walinzi wawili wa seli, na saratani ya mlango wa kizazi hufuata baada ya miaka mingi. Chanjo ipo. Rwanda ilianza kuitoa kwa wasichana mwaka 2011, Tanzania nchi nzima mwaka 2018, Kenya mwaka 2019, na tangu 2024 Tanzania inatoa dozi moja tu. Mzazi mwenye binti wa umri wa chanjo ana kinga ya saratani mkononi, bila malipo. Tusiache uvumi wa mtaani uichukue nafasi hiyo.

Mwenye vidonda vya tumbo aombe kipimo cha H. pylori, na akipewa dawa azimalize zote hata maumivu yakiisha siku ya tatu, kwa sababu usugu unaanzia kwenye dozi zilizokatizwa. Mwenye damu kwenye choo, hata akiwa kijana wa miaka 30, asiridhike na kuambiwa ni bawasiri kabla hajapimwa. Antibiotiki zinywewe kwa cheti cha daktari, hasa kwa watoto, ambao jamii yao ya vijidudu ndiyo kwanza inajengwa. Na sahani ya nyumbani irudishe maharage, kunde, mchicha, dona, mtama na matunda kwa fahari inayostahili.

Lipo pia deni la serikali na vyuo vyetu. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2022 uligundua kwamba zaidi ya asilimia 70 ya sampuli za maikrobiomu zilizo wazi kwa watafiti duniani, ambazo asili yake inajulikana, zilitoka Ulaya, Marekani na Kanada. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi walipochunguzwa, mwaka 2014 na tena 2017, walikutwa na bakteria adimu kwa watu wa mijini, na jamii hiyo ya bakteria ilibadilika kwa msimu, kutoka wakati wa nyama hadi wakati wa asali na matunda. Mwaka 2025 utafiti mwingine wa wanawake wapatao 1,800 wa Burkina Faso, Ghana, Kenya na Afrika Kusini ulifichua zaidi ya bakteria elfu moja ambao jeni zao hazikuwa zimeandikwa katika orodha yoyote. Hatujui ni zipi kati ya jeni hizo zinatulinda na zipi zinatudhuru, kwa kuwa hazijawahi kuwekwa mezani pamoja na saratani zetu.

Kazi hiyo inaweza kufanyika hapa. Hospitali za rufaa zinazoondoa uvimbe kila wiki zihifadhi sampuli ya choo na ya uvimbe wa kila mgonjwa anayeridhia. Vyuo vifundishe vijana kusoma jeni za bakteria na kuzichambua kwa kompyuta. Bajeti ya afya iweke fungu la kuzisoma sampuli hizo hapa nchini, ili mtafiti wa Dar es Salaam au Nairobi asilazimike kutuma sampuli kwenye barafu Ulaya na kusubiri jina lake liandikwe mwisho. Vipimo na dawa vinavyotokana na maikrobiomu vinatengenezwa sasa hivi kwa kufuata bakteria wa watu wengine. Mgonjwa wetu wa miaka ishirini ijayo atatibiwa kwa dawa inayomfaa ikiwa tu bakteria wake walihesabiwa leo.